Pweza wa miamba yetu na panda wa China: kila mmoja na dawa yake



Leo tuwaweke kwenye mzani mmoja wanyama wawili ambao hawajawahi kukutana na hawatakutana. Wa kwanza ni pweza, huyu huyu wa kwenye miamba yetu kuanzia Lamu mpaka Mtwara, ambaye wengi tunamjua zaidi akiwa ndani ya bakuli la supu. Wa pili ni panda mkubwa wa China, yule dubu mweusi na mweupe (sio ile panda ya manati, wala panda ya kupanda mnazi).

Najua mtu atauliza, hivi hawa wanalinganishwa vipi? Mmoja hana hata mfupa, mwingine ana kilo mia na manyoya. Mmoja tunamla na ndimu, mwingine analindwa na askari. Swali zuri. Sababu ya kuwalinganisha ni kwamba siku hizi vijiji vingi vya pwani vinaambiwa "tumhifadhi pweza". Na neno hifadhi likitajwa tu, kichwani mwa watu inakuja picha ya panda, au hapa kwetu faru na tembo: mipaka, askari, marufuku, na mwananchi anaambiwa aondoke. Watu wakiingiwa na wasiwasi siwalaumu. Lakini ukiangalia jinsi pweza anavyoishi na kuzaliana, utaona kwamba dawa iliyomponya panda haimfai, na inayomfaa pweza ingemuua panda. Tukilielewa hilo, maneno mengi kwenye mikutano ya vijiji yatapungua.

TUANZE NA UTAMBULISHO

Panda mkubwa anaishi porini katika nchi moja tu duniani, China, kwenye milima ya majimbo matatu: Sichuan, Shaanxi na Gansu. Wachina wanamjua tangu zamani, lakini wanasayansi wa Ulaya walimsikia mwaka 1869 kupitia kwa padri Mfaransa, Armand David, aliyepata ngozi yake Sichuan. Baada ya hapo wataalamu wakabishana zaidi ya miaka 100: huyu ni dubu au ni jamaa wa rakuni? Vipimo vya chembe za urithi katika miaka ya 1980 vikamaliza ubishi. Ni dubu.

Pweza yuko tofauti. Duniani kuna aina karibu 300 za pweza. Huyu wetu, ambaye ndiye anayevuliwa kwa wingi hapa, jina lake la kitaalamu ni Octopus cyanea. Aliandikwa rasmi mwaka 1849 na John Edward Gray wa Jumba la Makumbusho la Uingereza. Makazi yake ni makubwa ajabu: kuanzia pwani ya Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu, kupitia Madagaska, India, Indonesia na Australia, mpaka visiwa vya Hawaii. Tofauti na pweza wengi ambao ni wa usiku, huyu anatoka kuwinda mchana, ndio maana hata wanaotembea kwa miguu maji yakikupwa wanamkuta. Watafiti Martin Guard na Yunus Mgaya walichapisha mwaka 2002 utafiti wao kuhusu uvuvi wa pweza Tanzania, na huyu ndiye aliyekuwa mhusika mkuu.

Kwa hiyo tayari tuna tofauti ya kwanza. Panda ana nyumba moja ndogo, ikiharibika amekwisha. Pweza ana nusu ya dunia. Ukimmaliza kwenye mwamba wa kijiji chako, hujamaliza pweza duniani. Umemaliza kipato cha kijiji chako.

TUJE KWENYE CHAKULA

Panda ni kiumbe wa ajabu. Ana meno na utumbo wa jamii ya wala nyama, lakini anakula mianzi karibu tupu. Na kwa kuwa utumbo wake haukutengenezwa kwa kazi hiyo, sehemu kubwa ya anachokula inapita tu. Anameng'enya kiasi cha asilimia 17 hivi ya mianzi anayomeza. Sasa afanyeje? Inabidi ale sana: kati ya kilo 12 na 38 kwa siku, na muda wa kula unaweza kufika saa 14 kwa siku. Hata mkono umebadilika: kuna kifupa cha kiganjani kimekua na kufanya kazi kama dole gumba la kushikia mianzi. Hana nguvu za kupoteza. Anakula, analala, anakula tena.

Pweza kinyume chake. Anakula kaa, kamba, konokono wa baharini, samaki wadogo na hata pweza wenzie, na chakula kinageuka nyama haraka sana. Kwenye umri ambao mtoto wa panda bado ananyonya, pweza ameshakua, ameshawinda, ameshazaa na ameshakufa!

Kuna jambo moja la pweza wetu huyu linalofurahisha. Anawinda kwa ushirika na samaki. Unaweza kumkuta anatembea kwenye matumbawe huku chewa na mkundaji wamemzunguka. Samaki wanatafuta mawindo yalipojificha, pweza anaingiza minyiri kwenye mashimo ambayo samaki hawawezi kuingia. Na asiyefanya kazi anapigwa! Watafiti waliopiga picha za video katika Bahari ya Shamu walichapisha mwaka 2020 matukio ya pweza akiwatandika samaki ngumi kwa mnyiri. Utafiti mwingine wa mwaka 2024 ukaonyesha kwamba wanaopata kipigo zaidi ni wale wa kukaa pembeni wakingoja vya bure. Ushirika wenye nidhamu.

AKILI NA SURA

Hapa ndipo dunia inapomwonea pweza. Panda ana uso wa duara, macho yanayoonekana makubwa kwa sababu ya yale madoa meusi, anakaa kitako kama mtoto. Binadamu akimwona tu, moyo unalainika. Ndio maana shirika la WWF lilipoanzishwa mwaka 1961 lilimchukua panda kuwa nembo yake, wakati huo panda aitwaye Chi-Chi alikuwa gumzo kwenye bustani ya wanyama ya London.

Pweza je? Analegea, anateleza, ana mioyo mitatu, damu yake ni ya bluu kwa sababu inabeba hewa kwa kutumia madini ya shaba badala ya chuma kama yetu. Nani atamshonea mtoto mdoli wa pweza?

Lakini tukienda kwenye akili, mezani kuna jambo zito. Pweza wa kawaida wa Ulaya, ambaye ni ndugu wa karibu wa huyu wetu, ana seli za fahamu karibu milioni 500, na theluthi mbili ya hizo haziko kichwani, ziko kwenye minyiri. Kila mnyiri una uwezo wa kuonja, kupapasa na kuamua mambo madogo madogo wenyewe. Pweza wetu anabadilisha rangi na hata umbo la ngozi kwa kufumba na kufumbua, na kinachoshangaza zaidi ni kwamba macho ya karibu pweza wote hayana uwezo wa kutofautisha rangi kama yetu. Anajifanya jiwe, anajifanya mwani, na wewe umesimama juu yake na ndoo yako. Uingereza walipopitisha sheria yao ya mwaka 2022 ya kutambua wanyama wanaohisi maumivu, pweza na ngisi waliingizwa humo pamoja na wanyama wenye uti wa mgongo.

Wapenzi wa soka mtamkumbuka Paul, pweza wa Ujerumani aliyekuwa "akitabiri" mechi za Kombe la Dunia 2010 kule Afrika Kusini. Utabiri wake tuuache, ilikuwa burudani. Angalieni umri wake tu. Aliangulika mwaka 2008, akawa maarufu dunia nzima Juni na Julai 2010, na Oktoba mwaka huo huo akafa kwa uzee. Kwa uzee, jamani! Miaka miwili na nusu, tena akilishwa vizuri na bila adui. Pweza wetu wa miambani kwa kawaida maisha yake ni mwaka mmoja na kidogo.

UZAZI: HAPA NDIO PENYE KIINI CHENYEWE

Panda jike anaweza kupata mimba katika muda wa siku moja hadi tatu tu kwa mwaka mzima. Ukipita, umepita, mpaka mwakani. Akijaliwa, anazaa mtoto mmoja au wawili. Wakiwa wawili, porini kwa kawaida analea mmoja tu. Mtoto anazaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, haoni, hana manyoya ya maana, kama kipande cha sabuni, wakati mama yake ana kilo kama 100. Anakaa na mama mwaka mmoja na nusu mpaka miwili. Kwa hiyo jike mwenye afya analea mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili au zaidi, na maisha yake yote, ambayo porini yanafika miaka 20 hivi, watoto wake unaweza kuwahesabu kwa vidole.

Sasa pweza. Dume ana mnyiri mmoja maalumu ambao anautumia kupitisha mbegu kwa jike, mara nyingi akiwa amejisogeza mbali kadri anavyoweza, kwa sababu jike akiwa na njaa anaweza kumgeuza mumewe kitoweo. Hilo limeshashuhudiwa kwa pweza wa aina hii hii. Baada ya kupandana, dume haishi muda mrefu. Jike anatafuta shimo, anajifungia humo, na kutaga mayai madogo madogo yanayoning'inia kama vishada. Idadi yake ni makumi ya maelfu mpaka laki kadhaa, kutegemea ukubwa wa mama.

Kuanzia hapo mama hali tena. Analinda mayai, anayapulizia maji safi, anayafuta uchafu, mwili wake unaisha kidogo kidogo. Mayai yakianguliwa, naye anakufa. Hiyo sio bahati mbaya, imo ndani ya mwili wake. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky aliwaondolea majike wa aina nyingine ya pweza tezi zilizo karibu na macho. Wakaacha mayai, wakaanza kula tena, wakaishi muda mrefu zaidi. Yaani tezi hiyo ndiyo inayomwambia mama: kazi yako imekwisha.

Watoto wakitoka ni wadogo kuliko punje ya mchele. Wanapanda juu na kuchukuliwa na mikondo ya bahari kwa wiki kadhaa, halafu wale waliosalimika wanashuka chini na kuanza maisha kwenye mwamba, pengine mbali na alipofia mama yao. Katika hao laki, karibu wote wanaliwa. Wakibaki wawili tu mpaka kuzaa, kizazi kimeendelea.

Kwa hiyo tuseme hivi kwa lugha ya shambani. Panda ni kama mnazi, pweza ni kama mchicha. Mnazi ukiukata, unasubiri miaka mpaka mwingine uzae, na kila mnazi mmoja una thamani yake. Mchicha unakata leo, na baada ya wiki chache unakata tena, ila kwa sharti moja: uache mingine itoe mbegu. Ukikata yote kabla ya mbegu, msimu ujao unakula mboga ya kununua.

PANDA ALIOKOLEWAJE?

Kwa kuwa kila panda mmoja ni mali, China ilichukua njia ya mnazi: kulinda kila mti na kulinda shamba zima kwa miaka mingi. Hifadhi ya Wolong ilianzishwa mwaka 1963. Katika miaka ya 1970 na 1980 mianzi ya sehemu kubwa ya milima ilichanua maua na kukauka kwa pamoja, kama ilivyo kawaida ya mianzi, na panda wengi wakafa njaa. Zamani panda angehamia bonde la pili lenye mianzi mizima, ila sasa katikati kulikuwa na mashamba na barabara. Mwaka 1998, baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze, serikali ilipiga marufuku ukataji wa misitu ya asili katika maeneo mengi, na wakulima wakaanza kulipwa ili waache miteremko irudi kuwa msitu.

Matokeo yakaonekana polepole. Sensa ya miaka ya 1980 ilipata panda wa porini 1,114. Iliyofuata, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipata 1,596. Ya nne, iliyotangazwa mwaka 2015, ilipata 1,864. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likamtoa kwenye kundi la "hatarini kutoweka" na kumweka kundi lenye unafuu zaidi kidogo, na mwaka 2021 China ikatangaza Hifadhi ya Taifa ya Panda yenye zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hongera zao. Lakini hesabuni: zaidi ya nusu karne ya kazi kwa ongezeko la wanyama mia kadhaa! Ndivyo mnazi unavyokua.

Gharama nayo si mchezo. Tangu miaka ya 1980 China imekuwa ikiwakodisha panda kwa nchi nyingine, na kodi inaweza kufika dola milioni 1 kwa mwaka kwa jozi moja. Hapo bado mianzi, mabanda na madaktari. Bustani ya Ähtäri huko Finland ilipokea jozi mwaka 2018 kwa mpango wa miaka 15. Novemba 2024 ikawarudisha kabla ya wakati, imeelemewa na gharama.

Na kuna fundisho jingine. Tulizoea kuambiwa kwamba ukimlinda panda umewalinda na wengine wote msituni. Kwa ndege na wanyama wadogo kuna ukweli mwingi. Lakini utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba chui wametoweka kwenye asilimia 81 ya hifadhi za panda walikokuwepo tangu miaka ya 1960, na mbwa mwitu wa Asia kwenye asilimia 95. Hifadhi ilitengenezwa kwa kipimo cha panda, anayetosheka na eneo dogo. Chui anataka nchi kubwa. Dawa ya mmoja haikumponya jirani yake aliye kwenye msitu huo huo, sembuse pweza aliye baharini?

NA PWEZA JE?

Sasa turudi kwenye bahari yetu. Zamani pweza alikuwa kitoweo cha nyumbani na soko la karibu, wanawake wakienda pwani kumchokoa kwa vijiti wakati wa bamvua. Kuanzia miaka ya 1990 makampuni yenye majokofu yalianza kununua pweza wa Tanzania na kumpeleka Ulaya. Bei ikapanda, wanaume wakaingia na miwani ya kuzamia, na kila pweza anayeonekana akawa ni pesa. Hapo ndipo wavuvi wa sehemu nyingi walipoanza kulalamika kwamba pweza wamekuwa wadogo.

Serikali nayo haikulala. Kanuni za uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zinakataza biashara ya pweza chini ya gramu 500. Ni jambo jema, lakini sikilizeni hesabu hii. Utafiti uliofanywa kusini magharibi mwa Madagaska na kuchapishwa mwaka 2012, kwa pweza wa aina hii hii, ulikuta kwamba nusu ya madume wanapevuka wakiwa na gramu kama 640, lakini nusu ya majike wanapevuka wakishafika kilo 2 na gramu 200 hivi. Maana yake nini? Pweza jike wa nusu kilo ni halali sokoni, ila kwa uzazi bado ni binti mdogo. Kipimo cha mzani peke yake kinamlinda mtoto mchanga, hakimfikishi kuwa mama.

Uzuri wa pweza ni kwamba hahitaji miaka 50 kufika huko. Anahitaji miezi michache ya kuachwa.

Hilo ndilo walilolijaribu wanakijiji wa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Wakishirikiana na shirika la Blue Ventures, walifunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi saba, wasivue pweza, huku sehemu nyingine wakiendelea kama kawaida. Walipofungua, vijiji jirani walioona mzigo uliotoka nao wakaomba kufunga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichunguza ufungaji wa aina hiyo mara 36 kati ya mwaka 2004 na 2011. Kawaida walifunga miezi miwili mitatu, na eneo lisilozidi robo ya mahali kijiji kinapovua. Katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pweza waliotoka kwenye maeneo hayo waliongezeka kwa asilimia 718, na mvuvi mmoja kwa siku alipata asilimia 87 zaidi. Na wakati wa kufunga, kipato cha kijiji kwa ujumla hakikuanguka kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu miamba mingine ilikuwa wazi.

Mpango kama huo ulifika kisiwa cha Rodrigues mwaka 2012, na baadaye ukaja kwetu: Kisiwa Panza kule Pemba, Songosongo, na kwa jirani zetu Kenya kisiwa cha Pate. Hakuna aliyefukuzwa, na hakuna bahari iliyouzwa. Ni mwamba mmoja, kwa miezi michache, kwa makubaliano ya wenye mwamba.

Mngemfanyia panda hivyo? Mfunge msitu miezi mitatu halafu mfungue watu wawinde? Angekwisha msimu wa kwanza. Na mkimfanyia pweza kama panda, mkafunga bahari yote miaka 50, pweza mmoja mmoja mnayemlinda atakufa mwenyewe ndani ya mwaka, na watu watakuwa wamelala njaa bure. (Maeneo ya kufungwa moja kwa moja yana faida yake kwa matumbawe na samaki wanaokua polepole kama chewa. Hapa nazungumzia pweza.)

LAKINI TUSIDANGANYANE

Katika zile mara 36 za Madagaska, mara 27 kijiji kilipata faida ukitoa hasara. Mara 9 hakikupata. Kufunga mwamba si uchawi. Mambo yanayoharibu yanajulikana, na kila kijiji kinachotaka kuanza kiyatazame kabla.

Kwanza, wizi. Mwamba ukifungwa bila ulinzi unakuwa ghala la mwizi. Waaminifu wanangoja, wajanja wanavuna usiku. Kamati ya wavuvi ya kijiji au shehia isiyo na mafuta ya boti wala mamlaka ya kumtoza faini mkosaji haitafika mbali.

Pili, siku ya kufungua. Watu wanakuja kutoka kila upande, wanakanyaga matumbawe, wanapindua mawe, na kwa siku mbili tatu wanamaliza kila kilichokua kwa miezi mitatu, wakiwemo majike waliojifungia na mayai. Mkifanya hivyo mmevuna mchicha na mbegu zake. Afadhali pawepo na masharti: asiguswe pweza aliyelalia mayai, mawe yarudishwe, na mnunuzi awekwe sawa mapema ili bei isidondoke kwa sababu mzigo umefika wote siku moja.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika: ni mwamba wa nani unaofungwa? Wanawake wengi wanavua kwa miguu, karibu na ufukwe, maji yakikupwa. Wanaume wana mitumbwi na wanazamia mbali. Mkutano ukijaa wanaume ukaamua kufunga mwamba wa karibu, anayefunga mkanda ni mama, na siku ya kufungua mwenye miwani ndiye anayevuna zaidi. Kijiji kinachotaka mpango udumu kiwape wanawake nafasi ya kuchagua mwamba, muda na siku, kwa sababu wao ndio wanaoijua miamba hiyo shimo kwa shimo.

Nne, hata tukifanya yote hayo, pweza anahitaji nyumba. Matumbawe yakilipuliwa kwa baruti au yakifa kwa joto la bahari, mashimo yanapungua, na hakuna kufunga kutakakosaidia. Hapo pweza na panda wanafanana: mmoja bila mianzi amekwisha, mwingine bila mwamba amekwisha.

KWA HIYO?

Panda anatufundisha kwamba mnyama akishafika ukingoni, kumrudisha ni kazi ya vizazi viwili na pesa zisizohesabika. Pweza hajafika huko, na kwa jinsi alivyoumbwa anasamehe haraka kuliko karibu kila kitu tunachovua. Anachoomba ni kidogo: jike apate nafasi ya kufika kilo mbili, aingie shimoni, atage, amalize kazi yake. Baada ya hapo atakufa tu, tumle tusimle.

Wahenga wa pwani wana msemo kwamba pweza hujipalia makaa. Ukimweka motoni, minyiri inajikunja na kujisogezea makaa yenyewe. Kwa hili la kuchokoa mpaka binti wa nusu kilo, nani anayejipalia makaa? Pweza au sisi?

Mlioko Pemba, Mafia, Kilwa, Lamu na kwingineko ambako miamba imeshawahi kufungwa, tuambieni: mlipata nini siku ya kufungua, na nani aliyefaidika? Na mnaopinga karibuni pia, hoja kwa hoja, bila matusi.

Naomba kutoa hoja.